Kitenzi "amend": namna ya kukielewa na kukiweka mahali pake

Ukifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ukatafuta "amend", mbele yake utakuta "rekebisha", "sahihisha", pengine na "badilisha". Maana zote hizo zina ukweli ndani yake. Shida ni kwamba mwanafunzi huondoka na lile neno alilolizoea zaidi, yaani "badilisha", kisha akaanza kutumia "amend" kila kitu kinapobadilika. Ndipo zinapozaliwa sentensi kama "I want to amend my password" au "Please amend this broken chair". Msomaji ataelewa unachotaka, lakini ataona mara moja kwamba neno limekaa pasipo pake.

Kiingereza kina vitenzi vingi vya kubadilisha, na kila kimoja kimejichukulia eneo lake: "change", "alter", "modify", "adjust", "revise", "edit". Eneo la "amend" si kubwa, ila ndicho utakachokutana nacho mahali pazito: kwenye sheria, mikataba, wasia, fomu za kodi na kumbukumbu za vikao. Kukielewa nusunusu huko kunaweza kumfanya mtu atie saini jambo ambalo hakulikusudia. Kwa hiyo tukichukue taratibu. Hatua ya kwanza ndiyo inayobeba nyingine zote. Ukiiruka, zilizobaki zitakuwa kukariri tu.

Hatua ya 1: Tafuta dosari kabla ya kutafuta badiliko

Neno hili lilianzia katika Kilatini, "emendare". Ndani yake mna vipande viwili: cha kwanza kina maana ya kutoka au nje, na cha pili ni "mendum", yaani dosari, kasoro, kosa. Kiasili, basi, ni kutoa dosari iliyo ndani ya kitu. Kifaransa cha kale kikalitamka "amender", na Kiingereza kikalipokea kutoka huko katika karne ya 13.

Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tuna sababu ya kutulia hapa kidogo. Kitenzi chetu "badili" ni ndugu wa "badala". Yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Ukilisikiliza vizuri, ndani ya "badili" mna kitu kinachoondoka na kingine kinachokaa mahali pake. Anayebadili nguo amevua moja akavaa nyingine. "Amend" haina picha hiyo. Kitu ni kilekile, kiko palepale, kina jina lilelile. Kilichoondoka ni kasoro yake.

Kabla ya kuandika "amend", jiulize maswali mawili. Je, baada ya badiliko kitu hiki kitakuwa bado ni kilekile? Na je, kuna kasoro, pengo au jambo lililopitwa na wakati linalotengenezwa? Ukijibu ndiyo kwa yote mawili, umekaribia. Jibu la hapana hata kwa moja tu ni dalili ya kutafuta kitenzi kingine. Nywila mpya si nywila ya zamani iliyotolewa kasoro. Ni nywila nyingine kabisa, kwa hiyo hapo ni "change".

Kasoro ninayoizungumzia si lazima iwe kosa la mtu. Sheria inaweza kuwa iliandikwa vizuri miaka 30 iliyopita, dunia ikaenda mbele ikaiacha. Fomu inaweza kuwa sahihi siku ilipojazwa, kisha taarifa mpya zikajitokeza. Hayo yote huingia ndani ya "amend".

Pana jambo jingine ambalo msomaji makini anapaswa kulijua. Kwa asili yake, neno hili limebeba sifa: linadokeza kwamba kitu kimekuwa bora. Lakini katika lugha ya sheria limekuwa jina la utaratibu tu. Bunge likiongeza kifungu kinachowaminya watu, nacho kitaitwa "amendment" kama kile kinachowapa nafuu. Usiruhusu neno likuamulie kama badiliko ni jema. Soma kifungu chenyewe.

Hatua ya 2: Angalia kama kitu hicho ni maandishi

Katika Kiingereza cha leo, asilimia kubwa ya matumizi ya "amend" yanahusu kitu kilichoandikwa au kilichorasimishwa. Unaweza ku-"amend" sheria, katiba, muswada, hoja iliyotolewa kikaoni, mkataba, kumbukumbu za mkutano, maelezo uliyoandikisha, ratiba, sera, au ritani ya kodi. Kwa wasia pia linafaa, ingawa waraka mdogo unaorekebisha wasia bila kuuandika upya una jina lake maalumu, "codicil".

Viti, nguo, redio na injini havimo. Kiti kilichovunjika hutengenezwa, na hapo Kiingereza hutumia "mend", "repair" au "fix". Suruali inayopunguzwa kiunoni hutumia "alter". Sauti ya redio hutumia "adjust" au "turn down".

Kuna matumizi machache yanayotoka nje ya maandishi, na ni vizuri kuyajua ili yasikushangaze. Wakulima na watunza bustani husema "amend the soil", wakimaanisha kuchanganya udongo na mboji, chokaa au jasi ili uwe bora. Vitu hivyo vyenyewe huitwa "soil amendments". Picha ya kutoa dosari iko wazi hapo. Watengeneza programu wanaotumia Git, chombo cha kutunza matoleo ya kazi yao, huandika "git commit --amend" wanapotaka kusahihisha komiti ya mwisho, yaani hatua ya kazi waliyoihifadhi pamoja na ujumbe wake, tuseme wamesahau faili moja au wameandika ujumbe vibaya. Kwa mtumiaji ni kama kusahihisha ileile, ingawa ndani Git huunda komiti mpya na kuiweka mahali pa ya zamani.

Tumizi jingine ni la kimaadili: "amend your ways", yaani jirekebishe, acha mwenendo mbaya. Lina ladha ya kizamani, na leo watu wengi husema "mend your ways". Ukisoma maandishi ya kale zaidi utakuta hata mgonjwa anayepata nafuu akisemwa kwa kitenzi hiki. Tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Yohana 4:52, inasema baba aliuliza ni saa ngapi mwanawe "began to amend". Usiandike hivyo leo. Litambue tu ukilikuta.

Hatua ya 3: Litamke na kuliandika sawasawa

Mkazo uko kwenye silabi ya pili. Ile "a" ya mwanzo ni hafifu, haifunguliwi kinywa kama "a" yetu ya "anga". Mwishoni ni "nd" iliyofungwa bila irabu. Ulimi wetu umezoea kumalizia neno kwa irabu, kwa hiyo jizoeze kukata kabla ya kufika "amendi".

Umbo la wakati uliopita ni "amended", na kwa kuwa kitenzi kinaishia na "d", ile "ed" husikika kama silabi kamili. Neno zima lina silabi tatu. Ukilitamka kwa silabi mbili, msikilizaji atasikia wakati uliopo.

Kwa upande wa tahajia kosa moja hutawala: kuandika "ammend" na "ammendment". Nadhani linatoka kwenye "commend" na "recommend", ambazo zina "mm". "Amend" ina "m" moja popote inapokwenda: "amends", "amended", "amending", "amendment".

Hatua ya 4: Jenga sentensi

Kitenzi hiki kinahitaji shamirisho. Nani anarekebisha, na anarekebisha nini: "The committee amended the rules." Kiswahili kinaturuhusu kusema "sheria imebadilika" bila kumtaja aliyeibadilisha, na hapo ndipo wengi huteleza wakaandika "The law amended last year". Kwa Kiingereza sheria haijirekebishi. Ikiwa hutaki kumtaja mtendaji, tumia kauli ya kutendwa: "The law was amended last year."

Baada ya shamirisho unaweza kueleza badiliko lenyewe kwa njia kadhaa, na kila moja ina kazi yake.

Ukitaka kuonyesha maneno mapya yanavyosomeka, tumia "to read": "Amend the second line to read 'within 30 days'." Maana yake, rekebisha mstari wa pili usomeke "ndani ya siku 30". Umbo hili linafaa sana kwenye barua pepe za kikazi kwa sababu halimwachii mpokeaji nafasi ya kukisia.

Ukitaka kueleza jambo linaloongezwa, ni "to include": "The contract was amended to include travel costs." Badiliko linalotokana na hali fulani huja na "to reflect": "We have amended the schedule to reflect the new dates", yaani tumerekebisha ratiba iendane na tarehe mpya.

Njia ya tatu ndiyo ya watunga sheria, nayo hutumia "by" pamoja na kitenzi chenye "ing". "Section 5 is amended by deleting the word 'ten' and substituting 'fifteen'." Kifungu cha 5 kinarekebishwa kwa kufuta neno "kumi" na badala yake kuweka "kumi na tano". Karibu kila rekebisho la sheria hupita katika mojawapo ya njia tatu: kuingiza, kufuta, au kufuta na kuweka kingine.

Kitenzi "substitute" kinastahili tahadhari ya pekee, maana hapa hata watafsiri wazoefu hugeuza maana juu chini. "Substitute fifteen for ten" haina maana kwamba kumi na tano inaondoka. Kinachotajwa kwanza ndicho kinachoingia. Kinachokuja baada ya "for" ndicho kinachotoka. Sasa fikiria mkataba ambamo siku za kulipa zilikuwa 10 zikawa 15, na wewe umesoma kinyume. Kila ukikuta "substitute", simama, chora mshale, kisha endelea.

Utakutana pia na maneno mawili mafupi yenye uzito mkubwa: "as amended". Hoja iliyopita "as amended" imepita pamoja na marekebisho yake, si kama ilivyoletwa mwanzoni. Mkataba ukitaja sheria fulani ya mwaka fulani "as amended", unamaanisha sheria hiyo pamoja na marekebisho yake, kwa hiyo kusoma toleo la kwanza peke yake hakutoshi. Kwenye mikataba kuna na ndugu yake, "amended and restated": mkataba uliorekebishwa kisha ukaandikwa upya mzima katika waraka mmoja, ili watu wasilazimike kushika karatasi ya zamani mkono huu na ya marekebisho mkono ule.

Hatua ya 5: Litenganishe na majirani zake

Anza na wale wanaofanana nalo kwa sura. "Mend" ni mtoto wa "amend" aliyepoteza silabi ya mbele. Kiingereza kilikuwa na mazoea ya kuyakata maneno hivyo. Baada ya kutengana kila mmoja alishika kazi yake. "Mend" alikwenda kwenye vitu vya mkono: soksi, ukuta, wavu, paa. "Amend" alibaki na karatasi.

"Emend", kwa "e", ilirudi kuchukuliwa moja kwa moja kutoka Kilatini, na ni ya wanazuoni wanaosahihisha matini: kwa mfano mhariri wa shairi la kale anayeona mwandishi wa nakala alikosea herufi akairekebisha. Jina lake ni "emendation". Usipofanya kazi hiyo, huenda usiihitaji kabisa, lakini ukiiona usidhani ni kosa la uchapaji.

"Amenable" haihusiki hata kidogo. Ilitoka kwenye kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuleta au kuongoza, na humaanisha mtu aliye tayari kukubali au kusikiliza. "She is amenable to the plan" ni kusema kwamba yuko tayari kuukubali mpango. Kitu kinachoweza kurekebishwa ni "amendable".

Sasa tuje kwa wanaofanana nalo kwa maana, ambako kazi ni ngumu zaidi.

"Change" ni la jumla. Linafaa karibu popote, na ukikwama, lishike hilo. Halisemi badiliko ni dogo au kubwa, zuri au baya.

"Alter" ni kubadilisha sehemu au sura ya kitu bila kusema kama kilikuwa na kasoro. Katika nyaraka lina hatari yake: "an altered document" humfanya msomaji awaze kughushi, ilhali "an amended document" humfanya awaze utaratibu. Badiliko linaweza kuwa lilelile, neno moja likakutia hatiani na jingine likakusafisha. Ukiandika barua kueleza kwamba umesahihisha fomu yako kihalali, usiandike "I altered the form".

"Modify" limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kipimo. Ni kubadilisha kitu kwa kiasi ili kifanye kazi vingine au kifae matumizi mengine: gari, programu, mbegu, mpango. Ni neno la ufundi. Hoja ya kikao unaweza kui-"modify", lakini kikao chenye taratibu kitasema "amend".

"Adjust" ni kusogeza kidogo mpaka kitu kikae sawa: kiti, kioo, bajeti. "Revise" ni kupitia upya kitu kizima, nawe unaweza kubadilisha mengi au machache. Mwandishi hu-"revise" rasimu yake. Uingereza lina maana ya ziada, kudurusu kabla ya mtihani. "Edit" ni kuhariri kwa ajili ya kusomeka au kuchapishwa. "Correct" ni kuondoa kosa dhahiri ambalo kila mtu ataliona kosa, kama tarakimu iliyokosewa.

"Repeal" ndilo la kutenganisha kwa umakini zaidi na "amend". Sheria iliyorekebishwa inaishi. Iliyo-"repealed" imefutwa, haiko tena. Na "addendum" kwenye mikataba ni kiambatisho kinachoongeza jambo, wakati "amendment" inagusa lile lililokwishakubaliwa.

Mpaka kati ya kurekebisha na kuangamiza umewahi kuamuliwa mahakamani, na kesi yenyewe inaonyesha vizuri kuliko kamusi neno hili linavyopimwa. Katiba ya India, katika ibara ya 368, inalipa Bunge uwezo wa "amendment". Je, uwezo huo unafika wapi? Bunge likiigeuza katiba isitambulike tena, bado tutasema limeirekebisha? Katika kesi ya Kesavananda Bharati, majaji 13 wa Mahakama ya Juu ya India walisikiliza hoja kwa siku 68, na tarehe 24 Aprili 1973 wakagawanyika saba kwa sita. Walio wengi walisema Bunge linaweza kurekebisha sehemu yoyote ya katiba, ila haliwezi kuuharibu muundo wake wa msingi. Kwa maneno mengine, kinachorekebishwa sharti kibaki kuwa chenyewe. Ni lile swali la kwanza la hatua ya kwanza, likiwa limebebwa mpaka mbele ya majaji.

Hatua ya 6: Shika nomino zake mbili

"Amendment" ni rekebisho lenyewe. Kihusishi kinachoifuata mara nyingi ni "to" pale unapotaja rekebisho kama kitu kilichopo: "an amendment to the contract". Ukizungumzia kitendo cha kurekebisha, "of" hufaa: "the amendment of the contract took two months". Vitenzi vinavyotangulia nomino hii ni "propose", kupendekeza. "Move", kutoa kikaoni. "Pass" au "adopt", kupitisha. Na "ratify", kuridhia.

Kwenye habari za Marekani neno hili huandikwa kwa herufi kubwa pamoja na namba ya mpangilio, na mara nyingi mwandishi hashughuliki kueleza. Katiba ya nchi hiyo ina marekebisho 27. Kumi ya kwanza yaliridhiwa mwaka 1791. La 13, la mwaka 1865, lilikomesha utumwa. Mtu akisema "I take the Fifth" anamaanisha anatumia haki iliyomo katika rekebisho la tano, ya kutojitia hatiani kwa maneno yake mwenyewe. Rekebisho la 27 lilipendekezwa mwaka 1789 na kuridhiwa mwaka 1992, kwa hiyo ukikuta "proposed" na "ratified" katika sentensi moja, usizichukulie kuwa tukio moja.

Jambo la kuvutia ni namna marekebisho hayo yanavyokaa. Hayaingizwi katikati ya maneno ya zamani. Huongezwa mwishoni, na ya zamani hubaki yakichapishwa. Rekebisho la 18, lililoridhiwa mwaka 1919, lilipiga marufuku kutengeneza na kuuza pombe. La 21, la mwaka 1933, liliifuta marufuku hiyo. Ukifungua katiba hiyo leo utayasoma yote mawili, moja likiikataza na jingine likilifuta lililokataza. Nchi nyingine hufuata njia tofauti: maneno mapya huingizwa ndani ya kifungu chenyewe na toleo jipya huchapishwa. Kwa hiyo unaposoma sheria iliyorekebishwa, jua kwanza umeshika toleo gani.

Nomino ya pili ni "amends", nayo huandikwa na "s" sikuzote. Hutembea na kitenzi "make": "make amends". Maana yake ni kufidia au kutengeneza palipoharibika kati yako na mtu. Muundo kamili ni huu: "make amends to" mtu, "for" jambo. "He wanted to make amends to his sister for the harm he had caused."

Hapa pana kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye barua za kuomba radhi: "I want to amend for my mistake". Sentensi hiyo haipo katika Kiingereza. Ama u-"correct" kosa lenyewe, ama u-"make amends for" madhara uliyoyasababisha. Ni vitu viwili tofauti, na wewe unayeandika ndiye unayejua kipi umekusudia.

Wala "make amends" si kusema samahani tu. Chama cha Alcoholics Anonymous, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935 kusaidia watu waache ulevi, kina hatua 12, na mbili kati yake, ya nane na ya tisa, zinahusu "amends". Ya nane ni kuwaorodhesha watu uliowadhuru na kuwa tayari kuwafidia. Ya tisa ni kwenda kufanya hivyo hasa, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza wao au wengine. Mtu aliyeiba fedha hatimizi jambo hilo kwa kulia machozi, anazirudisha.

Hatua ya 7: Irudishe kwa Kiswahili bila kuipunguza

Ukiwa unatafsiri, usichague neno moja la Kiswahili ukalibandika kila mahali. Kwa sheria, katiba, miswada na mikataba, "rekebisha" na "marekebisho" ndiyo yaliyozoeleka, na "fanyia marekebisho" hukaa vizuri kwenye maandishi rasmi. Watu husema "mabadiliko ya katiba" pia, na katika mazungumzo hakuna ubaya. Lakini kwenye tafsiri mimi hupendelea kuliweka "mabadiliko" kwa ajili ya "change" na "marekebisho" kwa ajili ya "amendment", kwa sababu waraka mmoja unaweza kuwa na yote mawili, na msomaji ana haki ya kuyaona tofauti.

Kumbukumbu za kikao zenye makosa husahihishwa. Udongo huboreshwa. Mtu hujirekebisha. "Make amends" inaweza kuwa kufidia, kulipa, au kutengeneza uhusiano ulioharibika, kutegemea ni fedha, mali au moyo uliojeruhiwa. "Kuomba radhi" peke yake ni pungufu.

Na kuna mahali Kiswahili kinataka "badilisha" ingawa Kiingereza kimesema "amend". Tovuti za Uingereza za usafiri huandika "Amend your booking". Kwetu ni "badilisha safari yako" au "badilisha tarehe". "Rekebisha safari yako" ingemfanya abiria adhani kuna kosa alilolifanya.

Jipime

Ziba pengo kwa kitenzi kifaacho kabla ya kusoma jibu.

"Parliament voted to ___ the Act by inserting a new section." Ni "amend": maandishi, sheria ileile, kimeongezwa kifungu.

"The dress is too long, can you ___ it?" Ni "alter". Ukijibu "amend", rudi hatua ya 2.

"The old Act was ___ and replaced by a new one." Ni "repealed". Sheria ya zamani haiko tena, kwa hiyo hakuna kilichobaki cha kurekebishwa.

"Please ___ paragraph 3 to read as follows." Ni "amend". "Change" ingeeleweka pia, lakini kwenye waraka rasmi "to read" huzoeana zaidi na "amend".

"She tried to ___ for the pain she had caused." Ni "make amends". Kama uliandika "amend" peke yake, soma tena hatua ya 6.

"Substitute 'must' for 'may' in clause 7." Kabla ya marekebisho, kifungu cha 7 kilikuwa na neno gani? Kilikuwa na "may", la hiari. Sasa kina "must", na aliyekuwa na ruhusa ya kufanya jambo hilo amekuwa na wajibu wa kulifanya.